Mzizi wa Pwani Katika Fasihi ya Chuo Kikuu

Mpwa wangu, binti wa miaka 20 kutoka Mji wa Kale wa Mombasa, anakaa kwangu hapa Woodley, mtaa ambao nyumba zake za zamani za baraza la jiji zinapisha maghorofa. Kila asubuhi hupanda matatu ya Ngong Road kwenda mjini, kwenye chuo kimoja anakosoma fasihi ya Kiingereza, michezo ya kuigiza na uandishi. Mamake hajaridhika mpaka leo. Kila apigapo simu, baada ya salamu na kuulizana hali, hurudi pale pale: "Kaka, mtoto huyu akimaliza ataajiriwa na nani? Na hilo jukwaa, atapanda na nani?"

Wala swali hilo si la dada yangu peke yake, ndugu msomaji. Mnamo Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia Gredi ya 10, na kila mmoja ilimpasa awe amekwisha kuchagua njia moja katika tatu: sayansi na uhandisi, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Fasihi imetiwa katika njia ya pili, na uigizaji katika ya tatu. Wizara ya Elimu ilikadiria kwamba wanafunzi 60 katika kila 100 watafuata sayansi, 25 sayansi za jamii, na 15 tu sanaa na michezo. Uamuzi ambao zamani mzazi alikabiliana nao mtoto akiwa na miaka 18 au 19, sasa humjia mtoto akiwa na miaka 15 hivi. Na huko kwetu Pwani, mzazi akisikia "fasihi ya Kiingereza" hushtushwa na mambo mawili: njaa, na kupotea kwa mtoto.

La njaa sitalibishia sana. Ualimu upo, magazeti yapo, redio, uchapishaji na tafsiri, lakini anayetaka mshahara wa daktari na akasomee udaktari. Hili la kupotea ndilo linalonikera, kwa sababu nadhani tunamwogopa asiyetisha.

Juzi binti alirudi amenuna. Darasani waliambiwa kila mmoja achague mshairi wa Afrika Mashariki wa kumwandikia insha ndefu. Yeye akamtaja Muyaka bin Haji. Akajibiwa kwamba Muyaka ni wa Kiswahili, kwa hiyo amfuate kwenye idara ya Kiswahili, na hapa achague mwingine. "Mjomba," akaniambia, "Homer ni Mgiriki na twamsoma kwa Kiingereza. Muyaka kakosa nini?"

Nikamtolea kisa cha mwaka 1968. Tarehe 24 Oktoba mwaka huo wasomi watatu wa chuo kikuu cha hapa Nairobi, James Ngugi ambaye baadaye alijulikana kama Ngugi wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong, waliandika waraka wakitaka Idara ya Kiingereza ivunjwe, na mahali pake pawekwe idara ya fasihi ambayo kitovu chake ni Afrika. Hawakusema Shakespeare atupwe. Walichokataa ni Uingereza kuwa nyumba kubwa na sisi wengine kuwa vibanda vya uani. Ngugi alipofariki dunia huko Marekani tarehe 28 Mei 2025, waraka huo ulitajwa tena na tena. Lakini kuna sehemu ambayo wasifiaji wengi huiruka. Walipohesabu mizizi ya fasihi yetu, pamoja na masimulizi ya mdomo waliitaja fasihi ya Kiswahili, wakaiweka pamoja na ya Kiarabu na ya Kiasia, wakasema kuwa huo ni mzizi mwingine, hasa katika Afrika Mashariki. Yaani alichokiomba mpwa wangu kiliombwa kwa maandishi zaidi ya miaka 50 iliyopita, tena na watu ambao hakuna hata mmoja wao aliyetoka Pwani.

Idara ilibadilika kweli, ikaitwa ya fasihi, na ngano na riwaya za Kiafrika zikaingia. Huo ulikuwa ushindi, na atakayeudharau hajui wanafunzi wa kabla yake walivyosomeshwa. Ila lugha ya darasa ilibaki Kiingereza, na Kiswahili kikaenda kukaa na isimu na lugha za Kiafrika. Tangu hapo tuna vyumba viwili. Anayesoma Achebe aghalabu hajapata kumsoma Mwana Kupona, na anayemsoma Mwana Kupona huenda asimjue Achebe ila kwa jina. Mtaala mpya nao umeufuata mgawanyo huo huo: Fasihi ya Kiingereza ni somo lake, Fasihi ya Kiswahili ni somo lake.

Tazama hasara yake kwa huyo Muyaka. Aliishi Mombasa tangu 1776 hadi 1840, na mashairi yake yalibaki vichwani mwa watu. Mwisho wa karne ya 19 Mwalimu Sikujua aliyakusanya na kuyaandika pamoja na mchungaji Mwingereza, W. E. Taylor. Maandishi hayo yakasafiri hadi London, na yako huko hata leo, katika maktaba ya chuo cha SOAS. Mwaka 1940 William Hichens akayatolea diwani, na haikupigwa chapa Mombasa wala Nairobi. Ilipigwa Johannesburg. Ilibidi kungoja hadi 1979 ndipo Mohamed Hassan Abdulaziz, msomi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, alipotoa kitabu kikubwa juu yake. Nacho kimeandikwa kwa Kiingereza! Mtu aliyemrudisha Muyaka mezani petu alikuwa na lugha zote mbili mkononi.

Au mtazame Abdulrazak Gurnah. Alizaliwa Unguja mwaka 1948, akakimbilia Uingereza akiwa kijana, akasoma Canterbury, akapata udaktari katika Chuo Kikuu cha Kent mwaka 1982 na kusomesha fasihi hapo hapo mpaka alipostaafu. Riwaya yake ya Paradise, ya mwaka 1994, imejaa misafara, maduka, chuo cha Kurani na mabwana wa Pwani. Mwaka 2021 akapewa Tuzo ya Nobel. Kitabu hicho kilifika kwetu kwa Kiswahili mwaka 2022, kwa jina la Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Hesabu mwenyewe: miaka 28. Mwandishi hakupotea, sisi ndio tuliochelewa kumpokea.

Nije kwenye jukwaa. Dada yangu anaogopa mazoezi ya usiku na mchanganyiko wa wavulana na wasichana, na hilo ni haki ya mzazi kuuliza, na chuo kinapaswa kumjibu bila kumcheka. Lakini asiseme kwamba maonyesho ni mambo ya wageni. Gungu la kukaa, ambapo watu walifumbiana na kufumbuliana kwa mashairi, lilikuwa nini? Na kirumbizi je? Ebrahim Hussein, aliyeandika Kinjeketile mwaka 1969, ni mtu wa Kilwa.

Kwa hakika, kwa historia ya nchi hii, mzazi angeogopa zaidi serikali. Mwaka huo huo wa 1969 Abdilatif Abdalla wa Mombasa alifungwa miaka mitatu kwa karata yake Kenya: Twendapi?; baadaye alisomesha Kiswahili Leipzig, Ujerumani, hadi 2011. Ngugi alitiwa kizuizini mwisho wa 1977 baada ya mchezo wa Kamirithu. Alamin Mazrui alitoa Kilio cha Haki mwaka 1981, na 1982 naye akazuiliwa. Wala si mambo ya kale tu. Mnamo Aprili 2025 wasichana wa Butere walikwenda tamasha la taifa huko Nakuru na mchezo wao Echoes of War, wakiwa na amri ya Mahakama Kuu kwamba waruhusiwe kuigiza. Kukawa na polisi na gesi ya kutoa machozi, na mwandishi wake, Cleophas Malala, akakamatwa. Wasichana waliimba wimbo wa taifa, wakashuka jukwaani.

Hayo yote nilimweleza binti, si kumtisha. Siku ya pili alimpelekea mwalimu wake ule waraka wa 1968. Mwalimu, namshukuru, aliusoma akamruhusu, kwa sharti kwamba mashairi ayafasiri mwenyewe na kila neno la Kimvita alitolee maelezo. Ana wiki tatu. Kitabu cha Abdulaziz changu nilimwazima bwana mmoja wa Kibokoni miaka mingi iliyopita. Akisoma makala haya, tafadhali akirudishe.

Jana simu ililia saa tatu usiku. Dada hakutaja ajira. Alisema nimpe mtoto simu upesi, amekumbuka maana ya lile neno.