Haro ikiziba, tusichome shamba



Mwezi wa pili ukifika, simama kwenye kilima chochote kati ya Bunia na Marabo, utaona moshi. Ni sisi. Tunachoma mabua ya mahindi, tunachoma nyasi, tunachoma majani ya maharagi yenye yalibaki, ili mvua ya mwezi wa tatu itukute na shamba safi. Zamani ukiuliza watu kwa nini, walikujibu kwamba ndivyo wazazi walivyofanya. Siku hizi kumeingia jibu jingine, na ndilo limenifanya nishike kalamu: "Mwenye trakta amesema tuchome kwanza, la sivyo haro itaziba."

Kwangu mimi jibu hilo halitoshi. Haro yenye inaziba ni haro yenye haijatengenezwa sawasawa. Shamba halina kosa.

Nieleze kidogo kwa wale wenye hawajafanya kazi na chombo hiki. Haro, ile wengine wetu wanaita erse kwa kufuata Kifaransa, inapita baada ya jembe kubwa kugeuza udongo. Inavunja madonge na kusawazisha, mbegu ipate kulala vizuri. Ile ya trakta ina madiski ya chuma yaliyopinda kama sahani, yamepangwa kwenye ekseli, na kati ya diski na diski kuna sentimita ishirini na kitu tu. Sasa, udongo wenye unyevu unashika kwenye tumbo la diski. Bua moja linaingia, linashikwa na ule udongo. La pili linashikwa na la kwanza. Nyasi ndefu zinajizungusha kwenye ekseli kama uzi. Dakika chache tu, madiski hayazunguki tena, yanaburuta. Unabaki na gogo linalovutwa na masini ya dizeli, na ile masini unailipia kwa saa.

Mwaka jana sisi tulikodi trakta saa sita. Hatukuchoma, juu tulikuwa tumefundishwa kwamba mabaki ya mazao ni chakula cha udongo, na tulitaka kufuata mafundisho. Haro ilikuja bila kitu chochote cha kukwangua madiski. Tukamweka kijana mmoja wa koperative atembee nyuma na panga. Ikijaa, anapiga kelele, dereva anasimama, yeye anaingia kati ya madiski na kutoa takataka kwa mkono. Mara ya kumi au ya kumi na mbili, hakuna aliyehesabu, dereva alifikiri amekwisha toka. Kijana alipoteza vidole viwili vya mkono wa kuume. Ni mimi nilimtuma kazi ile. Katika zile saa sita, karibu mbili nzima zilikwenda katika kusimama na kusafisha, na tulizilipa vilevile.

Baada ya siku ile wengi walisema, bon, tungechoma tu tusipate shida. Ninaelewa kabisa. Lakini tuhesabu vizuri kinachoungua. Katika tani moja ya mabua makavu ya mahindi kuna karibu kilo 6 hadi 8 za azoti. Mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23. Maana yake, mtu akichoma tani tatu za mabua anapeleka hewani karibu mfuko mmoja wa urea, juu azoti karibu yote inakwenda na moshi. Majivu yanabakiza potasi na fosfori kidogo, na mvua kubwa ya kwanza inaweza kuyakokota mpaka mtoni. Kisha tunakwenda kununua mfuko wenye umetoka Uganda, umevuka ziwa mpaka Kasenyi au umepita Mahagi, na kila aliyeushika njiani ameongeza chake.

Nisiwadanganye: azoti ya kwenye mabua haitoki haraka kama ya mfuko. Mabua makavu yakifukiwa, wadudu wadogo wa udongo wanachukua kwanza azoti iliyopo ili wayaozeshe, na mahindi yaliyopandwa papo hapo yanaweza kuwa ya njano. Ndiyo maana ni vizuri kufukia mapema, wiki kadhaa kabla ya kupanda, au kuanza na maharagi na soya. Watu wengi waliojaribu na kuacha, ni hapo walipokata tamaa, na hakuna aliyewaeleza.

Kuna jambo la pili, zito kuliko urea. Moto hausomi mipaka. Tangu mwezi wa kumi na mbili 2017, watu wa vijiji vingi vya Djugu, na baadaye wa Irumu pia, wamekimbia na kurudi, wengine zaidi ya mara moja. Mtu anarudi, anakuta shamba lake limekuwa pori, alama za mpaka hazionekani, na jirani naye hana hakika. Katika hali hiyo moto wako ukivuka na kula mihogo ya mwenzako, hutakwenda kuzungumza naye mambo ya mihogo tu. Mazungumzo yatakwenda mbali sana. Sitaki koperative yetu iwe sababu ya mazungumzo kama hayo kwa ajili ya chombo chenye kingerekebishwa na fundi wa kuchomelea kwa siku mbili.

Basi tuseme juu ya fundi.

Dawa ya haro ya madiski inajulikana, na haro nyingi zinapotoka kiwandani zinakuwa nayo. Ni vikwangulio: vipande vya chuma, kimoja kwa kila diski, vinavyokaa karibu na tumbo la diski na kuusukuma udongo kabla haujashika. Kwetu haro nyingi zinafika zikiwa mitumba. Vikwangulio vimeanguka njiani, au mtu aliviona havina kazi akavitoa. Chuma kizuri cha kuvitengeneza ni resori ya gari iliyovunjika, na mjini Bunia resori zilizovunjika hazikosekani, njia zetu zinazitengeneza kila siku. Kikwangulio kikae kama milimita 3 hadi 5 kutoka kwenye diski, karibu nusu ya unene wa kalamu ya biki. Kikigusa, kinaila diski. Kikikaa mbali, bua linaingia katikati na hali inakuwa mbaya kuliko mwanzo.

Hapa mafundi wetu wanafanya kosa moja, na ninaliandika juu nimeliona kwa macho. Wanachomelea ile resori moja kwa moja kwenye fremu. Chuma cha resori kikichomelewa kinakuwa kigumu na rahisi kuvunjika pembeni ya mshono, wiki moja tu kimekatika. Halafu diski inalika na kupungua mwaka hata mwaka, lakini kikwangulio kilichochomelewa hakiwezi kuifuata. Kifungwe kwa buloni, na tundu la buloni liwe refu, si la duara, ili mtu alegeze, asogeze, akaze tena. Saa moja ya kazi zaidi kwa fundi. Mwambieni mapema, asije akasema hamkumwambia.

Yako na mambo mengine madogo yasiyohitaji hata chuma. Madiski ya safu ya mbele yakiwa na meno pembeni yanakata mabua vizuri kuliko ya duara tupu. Pembe ya safu ipunguzwe katika mpito wa kwanza: ikiwa kali sana haro inachimba zaidi, lakini inajaa zaidi. Mabua marefu yakatwe kwa panga yawe vipande vifupi, tena mchana yakiwa makavu, si asubuhi yakiwa na umande na ulaini. Shamba lililolala miaka lifyekwe kwanza, nyasi ziachwe wiki mbili au tatu zikauke. Na udongo ukishika kwenye kiatu, utashika kwenye diski, siku hiyo trakta ibaki nyumbani. Mkishalipa saa ni vigumu kukubali neno hilo, najua.

Wengi wetu, kusema ukweli, hatutaona trakta mwaka huu wala mwaka kesho. Tunatumia ng'ombe, au tunatamani tungekuwa nao. Wenzetu wa Teso, ng'ambo kule Uganda, wanalima na ng'ombe tangu karibu 1910, wakati wa kupanda pamba. Mwishoni mwa miaka ya 1980 waliibiwa mifugo kwa wingi, wakarudi kwenye jembe la mkono, na iliwachukua miaka mingi kuanza tena. Hadithi hiyo hapa Ituri haihitaji mkalimani. Lakini hata huko Teso majembe ya ng'ombe ni mengi kuliko haro: mtu asiye na haro analima mara mbili shamba lilelile, ng'ombe wanachoka, na mvua inapita. Kwetu iko vilevile. Miradi ya misaada imeleta majembe, mara nyingine na minyororo na nira, ila haro sijaiona kwenye orodha. Nasema hivi katika gazeti la shirika la misaada, na wanaolitoa natumaini watalipitisha.

Haro ya ng'ombe ni ya meno, na fundi yeyote anayejua kukata chuma cha beto cha milimita 16 anaweza kuitengeneza. Nayo inaziba, kwa namna yake: meno yakikaa karibu na kwa mstari mmoja inakuwa kitana, inazoa takataka zote na kuzisukuma mbele. Meno ya safu moja yaachane kama sentimita 20 au 25, na jino la safu ya nyuma lisikae nyuma ya jino la mbele, likae kwenye nafasi yake, ili takataka zipate njia ya kupita. Yalale kidogo kuelekea nyuma. Halafu fremu iwe na mshikio nyuma, urefu wa kufika kiunoni. Anayetembea nyuma anainua mshikio, takataka zinaanguka, anashusha, kazi inaendelea. Hainami, haingizi mkono.

Akili hii si ya leo. Mwanzoni mwa karne ya 19, kule Scotland, mtu mmoja aitwaye Finlayson alitengeneza haro ya meno yaliyopinda, nyasi na mizizi vikawa vinapanda juu kufuata ule mpindo mpaka vinaanguka vyenyewe. Akaiita haro inayojisafisha. Kwa zile nyasi zetu zenye mizizi ya kutambaa, meno kama hayo ni bora kuliko madiski, juu diski inakata mzizi vipande na kila kipande kinaota tena.

Sasa, wenye kunipinga. Mama mmoja katika kikundi chetu aliniuliza: na viwavi? Na ugonjwa wa mihogo? Ana haki. Miti ya mihogo yenye batobato au michirizi ya kahawia ing'olewe, ikusanywe mahali pamoja, ichomwe. Mabua yaliyojaa viwavi vilevile. Hiyo ni rundo moja lenye mtu amesimama pembeni na tawi bichi mkononi. Kuchoma mlima mzima ni jambo jingine.

Na wako wanaosema: haro si yetu, ni ya mwenye trakta, kwa nini tumtengenezee? Hapo ndipo ninapoona koperative ina kazi. Mtu mmoja mwenye nusu hekta hawezi kumwambia mwenye trakta neno. Koperative yenye inakodi siku tano mfululizo inaweza. Tuandike katika makubaliano kwamba haro isiyo na vikwangulio haiingii shambani. Tuandike kwamba saa ya kusafisha haihesabiwi. Tuandike pia kwamba hakuna mtu atagusa madiski mpaka haro imeshushwa chini, masini imezimwa na ufunguo uko mkononi mwa yule anayesafisha, si wa dereva. Kama mwenye trakta anasema hana pesa ya vikwangulio, tumkopeshe kutoka mfuko wetu, akate kwenye saa zetu. Nimezungumza na mmoja, alicheka kwanza, kisha akaniuliza fundi yuko wapi. Naye anapoteza: haro iliyoziba inakula dizeli na kuvunja bearing zake, si zetu.

Koperative zenye ng'ombe zichangie haro moja ya meno kwa kikundi, si kwa kila nyumba. Na ndugu zetu wa kituo cha INERA kule Nioka, kama wana kielelezo kizuri au mtu wa kuwafundisha mafundi wetu, tungefurahi kumpokea.

Mkutano wetu mkuu utakaa kabla ya kiangazi cha mwezi wa kumi na mbili. Nimeomba jambo hili liwekwe la kwanza, kabla ya mbegu, kabla ya akaunti. Resori mbili zimekwisha nunuliwa, ziko nyumbani kwangu. Yule kijana amerudi kazini, anashika jembe kwa mkono wa kushoto. Amesema trakta ikija mwaka huu ataikagua haro yeye mwenyewe, diski kwa diski, na ufunguo atakaa nao yeye.