Mshahara wa hakimu usilipwe na wenye kesi

Mahakimu wa Leta wakidai mshahara wa kufaa, watu wengi hapa Beni wanacheka. "Wale? Si wanakula kila siku?" Nimesikia hayo sokoni, hata kwa wakimbizi wa vita, ambao wana haki ya kukasirika kuliko sisi wote. Sibishi kwamba wanakula. Nauliza tu: wanakula pesa ya nani? Ni yenu.

Tuchukue kesi ambayo familia nyingi zilizokimbia zinaijua. Tangu mauaji yaanze Oktoba 2014, watu wa Eringeti, Oicha na Mbau wameacha mashamba ya kakao. Mama akirudi kuchungulia, anakuta mtu mwingine anavuna, pengine ana karatasi yenye muhuri. Anakwenda mahakamani. Kwa état de siège ya Mei 2021 kesi za jinai zilipelekwa kwa mahakimu wa kijeshi, lakini ugomvi wa shamba ulibaki kwa hakimu wa kiraia. Hakimu anasema: lazima tushuke tuone mipaka. Ni kweli, mipaka haionekani kutoka ofisini. Ila Leta haikumpa gari wala esanse. Basi wenye kesi ndio wanalipia safari, chakula, karatasi, na kitu kidogo cha karani. Mama mkimbizi hana. Yule anayevuna kakao yake anazo, tena zimetoka kwenye ile ile kakao! Siku ya kushuka, hakimu anafika shambani ameketi ndani ya gari la upande mmoja. Hata kama moyo wake ni safi, mama atamwamini vipi?

Na asipopatikana wa kulipa, faili inalala.

Sheria si kwamba haipo. Katiba ya 2006, kifungu cha 149, inasema mahakama ni mamlaka huru, na bajeti yake inatayarishwa na Baraza Kuu la Mahakimu, kisha serikali inaiingiza katika bajeti ya taifa. Lakini ufunguo wa kasha unabaki kwa serikali. Sehemu kubwa ya kipato ni prime, inayoweza kuchelewa bila maelezo. Tena ni franka: katikati ya 2015 dola moja ilikuwa chini ya franka 1.000, mwaka 2024 ikapita 2.800, na mwenye nyumba anadai dola. Hivi hakimu ameandikiwa kifungu cha 149 lakini anaishi kwa ile Artikle 15 yetu ya zamani: jipange.

Kuna wanaosema, waongezeeni, watakula bado. Wengine ndiyo, mwizi haponi kwa mshahara. Lakini leo hakimu akikamatwa na rushwa analia njaa, na wenzake wanamhurumia. Alipwe vizuri, kisha akila, afukuzwe. Mimi nataka yote mawili, na siku moja.

Wala siungi mkono nyongeza ya kimya kimya baada ya mgomo, huku wafungwa wanaosubiri hukumu wanaozea kachoni. Kiwango kiandikwe katika sheria, kila daraja na namba yake, sisi sote tukisome. Hakimu wa Oicha asilipwe nyuma ya yule wa Kinshasa. Pesa ya kushuka mashambani itoke kwa Leta, na raia asitoe hata franka moja bila risiti.

Msiniambie haiwezekani. Desemba 2017, kule Kavumu, Kivu ya Kusini, mahakama ya kijeshi ilihamia kijijini kwenyewe ikahukumu waliobaka watoto wadogo, na mbunge wa jimbo akapewa kifungo cha maisha. Mashirika yalisaidia. Safari ilipolipiwa, mahakimu walikwenda na walihukumu. Kwa nini tungoje wageni kwa kazi ya Leta? Mikutano mikubwa juu ya sheria tumefanya Kinshasa mwaka 2015, tukarudia Novemba 2024. Maneno tunayo ya kutosha.

Kikao cha bunge cha bajeti kinafunguliwa kila tarehe 15 Septemba. Wabunge wetu wakija likizo, ninyi wa sites na wa mitaa, waulizeni kabla hawajapanda ndege: fungu la mahakama ni ngapi? La kushuka mashambani ni ngapi? Na mwaka uliopita zilitoka ngapi kweli? Wakijibu "tutaangalia", waulizeni tena.