Karani, weka simu chini: siri ya mteja si ya stetasi

Mwaka jana nilimsindikiza jirani yangu wa Kisauni, ambaye kwao ni Nyamira, kwenda mjini Kisii kuonana na wakili. Marehemu babake aliacha shamba na ndugu hawajaelewana. Alitaka kwanza ajue sheria inasemaje, ndipo aitishe kikao cha familia. Tulipokelewa vizuri, chai ikaletwa. Wakati wa kutia sahihi, karani alitoa simu akapiga picha. Tulidhani ni ya kuweka kwenye faili.

Hatujafika steji, simu ya jirani yangu ikaanza kulia. Picha ilikuwa tayari kwenye ukurasa wa Facebook wa ofisi ile: yeye ameinama, kalamu mkononi, na maneno ya kumshukuru mteja mwingine "aliyetuamini". Juu ya meza faili ilionekana wazi, jina la marehemu na neno mirathi. Kaka yake mkubwa alishaiona. Kikao kilichokusudiwa kuleta suluhu kikawa cha lawama: umekwenda kwa wakili kututangulia! Hadi leo hawasalimiani. Picha ilifutwa jioni ile ile, lakini maji yakimwagika hayazoleki.

Anayeijua Gusii ataelewa uzito wake. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika kaunti ya Kisii, wastani wa watu 957 kwa kila kilomita mraba. Nyamira walikuwa 605,576. Mashamba yamegawanywa hadi yamekuwa vipande, na kesi ya ardhi huwa kesi ya ndugu kwa ndugu. Tena wenyeji wa kule wako kila mji, hata hapa Mombasa. Picha ikipigwa Kisii asubuhi, adhuhuri imeshafika Likoni.

Sisemi mawakili wanyamaze. Zamani walikatazwa kabisa kujitangaza. Mwaka 2012, katika kesi iliyowasilishwa na Okenyo Omwansa George na mwenzake, Jaji David Majanja, ambaye sasa ni marehemu, aliamua kwamba marufuku hiyo ya jumla haipatani na Katiba, kwa sababu mwananchi ana haki ya kupata habari kuhusu huduma anayoitafuta. Mwaka 2014 zikaja kanuni za kuwaongoza mawakili katika kujitangaza. Mlango ukafunguliwa, ila haukung'olewa.

Kinachobaki pale pale ni siri ya mteja. Kifungu cha 134 cha Sheria ya Ushahidi kinamzuia wakili kutoa aliyoambiwa na mteja bila idhini yake, na kifungu cha 135 kinawaingiza makarani, wakalimani na watumishi wa wakili. Wahenga wetu walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Karani ndiye kata: yeye huandika kiapo, hupeleka faili kortini, hupokea simu za usiku. Sisi Waislamu tumefunzwa tangu madrasa kwamba yanayosemwa katika kikao ni amana. Sheria ya nchi hapa inakubaliana na madrasa.

Na gharama ipo. Septemba 2023, Kamishna wa Kulinda Data, Immaculate Kassait, aliitoza shule moja ya Uthiru Sh4.55 milioni kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Kilabu kimoja cha Nairobi kilitozwa Sh1.85 milioni kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja wake. Ofisi ya wakili, inayoshika siri nzito kuliko kilabu, inadhani itasamehewa?

Kisii yenyewe ina funzo chungu zaidi. Desemba 2022 mtoto wa miaka mitatu wa Marani aling'olewa macho, na mwaka uliofuata jamaa zake watatu wakafungwa. Nchi nzima ilikasirika, na kwa hasira hiyo tukasambaza jina lake na uso wake wenye majeraha. Sitalirudia jina hilo hapa. Mtoto yule atakua, na picha zile atazikuta zinamsubiri. Yeyote anayefanya kazi karibu na kesi ya mtoto na akumbuke hilo kabla ya kubonyeza.

Maneno nayo yana moto wake. Januari 18, 2024, Mahakama ya Juu ilimwandikia wakili mkuu Ahmednasir Abdullahi ikisema haitamsikiza tena, kwa sababu ya shutuma zake dhidi ya mahakama mitandaoni na katika mahojiano. Marufuku hiyo iliwagusa pia wafanyakazi wa kampuni yake. Chama cha Mawakili kiliipinga, na mimi pia naona si haki kumwadhibu mfanyakazi kwa maneno ya mkubwa wake. Lakini somo liko wazi: akaunti ya mmoja inaweza kufunga mlango kwa ofisi nzima.

Basi ofisi iweke nini mtandaoni? Ifundishe. Video ya dakika mbili, kwa Ekegusii na Kiswahili, ikieleza kwamba kuuza shamba la marehemu kabla ya mahakama kutoa idhini ya usimamizi ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi, itamfaa mjane wa Borabu na wa Bomachoge. Haitaji mteja yeyote, na itamletea wakili wateja kuliko picha mia za kutia sahihi.

Upande wa usalama, mambo ni machache. Simu ya ofisi iwe mbali na ya binafsi. Mtu mmoja apitishe kila posti. Akaunti ziwekewe uthibitisho wa hatua mbili. Ujumbe wa WhatsApp ukidai ofisi imebadilisha nambari ya malipo, mteja apige simu kwanza kwa nambari anayoijua.

Nawe mteja, simu ikiinuliwa mbele yako, uliza: picha hii inakwenda wapi? Ukishadhulumiwa, Ofisi ya Kamishna wa Data na Tume ya Malalamishi dhidi ya Mawakili zipo. Jirani yangu hakujua kama angeweza kuuliza. Wewe sasa unajua.