Nani ana haki ya kusimamisha pikipiki Salamabila?

Penye mgodi, bohari kubwa au ofisi ya shirika, jambo hili ni la kila siku. Geti linafunguliwa, lori linataka kutoka, mlinzi wa kampuni anaingia katikati ya barabara na kunyoosha mkono. Pikipiki iliyobeba gunia la mchele na mama mwenye mtoto mgongoni inafunga breki. Wenye baiskeli za mafuta ya mawese wanashuka. Lori likishapita, mkono unashuka na watu wanaendelea na safari. Kasongo mjini hilo halichukui hata dakika mbili. Kule Kabambare, hasa Salamabila, jirani na mgodi wa dhahabu wa Namoya, suala ni zito zaidi. Huko anayesimamishwa huwa hana uhakika kama atasimama ili lori lipite, au ili apekuliwe, au ili atoe kitu.

Basi tuulize bila kuzunguka. Mwenye pikipiki akikataa kumtii mlinzi huyo, amevunja sheria gani?

Kwa kukataa tu amri ya mlinzi, hakuna aliyoivunja. Sheria ya barabara ya nchi yetu, Kongo, namba 78/022 ya tarehe 30 Agosti 1978, inamtaka dereva atii amri ya afisa mwenye sifa, yaani mtu aliyepewa kazi hiyo na serikali. Katiba ya 2006, ibara ya 182, inaikabidhi Polisi ya Taifa usalama wa watu na mali zao pamoja na utulivu wa umma. Kampuni za ulinzi zina agizo lao la waziri la tarehe 31 Machi 1998, na ruhusa yao ni kulinda mali na watu wa mteja anayewalipa. Barabara ya umma si mali ya mteja huyo. Upo pia Mkataba wa Vienna wa 1968 kuhusu usafiri wa barabarani, ambao Zaire, kama nchi yetu ilivyoitwa wakati huo, ilijiunga nao mwaka 1977. Ibara yake ya 6 inasema anayeongoza magari lazima atambulike kwa urahisi toka mbali, usiku na mchana, na kwamba amri yake inazidi nguvu alama na taa za barabarani. Mamlaka yenye uwezo wa kubatilisha hata taa nyekundu haiwezi kuokotwa na yeyote aliyepewa shati lenye nembo na filimbi.

Hata hivyo, mtu asije akafikiri nataka mlinzi akae getini na kutazama lori likimgonga mtoto. Kuonya ni haki ya kila mtu, tena ni wajibu. Mlinzi anayesema, "Mzee, ngoja kidogo, gari linatoka," anafanya kile ambacho mimi nawe tungefanya, na dereva mwenye akili atasimama. Anayesema, "Simama, zima mota, leta karatasi, fungua gunia," ameingia kazi nyingine kabisa. Hapo anaamuru. Karatasi za pikipiki ni kazi ya polisi wa barabarani, wale ambao watu huwaita roulage. Dhahabu iliyofichwa kwenye gunia ina polisi ya migodi na watumishi wa serikali wa madini. Mlinzi binafsi hana nafasi katika mojawapo ya kazi hizo mbili.

Kuna upande mwingine ambao kampuni zingefaa kuupima kwa faida yao wenyewe. Mlinzi akipunga mkono kwamba njia ni nyeupe, pikipiki ikaingia, na lori la pili likaikanyaga, abiria akafa, nani anajibu? Mwenye pikipiki hawezi kujitetea kwamba alitii amri, maana amri hiyo haikuwa amri mbele ya sheria. Familia ya marehemu nayo inaweza kumgeukia mwajiri. Ibara ya 260 ya kitabu cha tatu cha sheria ya madai, iliyotoka katika dekreti ya tarehe 30 Julai 1888 na bado inatumika, inamtaka mwajiri alipe hasara aliyoisababisha mtumishi wake akiwa kazini. Kampuni inayompeleka mlinzi barabarani bila mafunzo na bila karatasi ya ruhusa inajitwisha deni ambalo haijalihesabu.

Wenye migodi wana hoja yao, nayo haifai kupuuzwa. Mwezi Machi 2017 wafanyakazi wa Namoya, wakiwemo Mfaransa na Mtanzania, walitekwa na watu wenye silaha. Julai 2019 mgodi ulishambuliwa, na wafanyakazi wengine wakachukuliwa. Mwaka huohuo Banro, kampuni ya Kanada iliyotoa dhahabu yake ya kwanza pale mwishoni mwa 2013, ilisimamisha kazi, kisha mgodi ukauzwa. Mtu aliyeendesha lori la mafuta katika miaka hiyo alikuwa na sababu ya kuogopa kila pikipiki inayolikaribia. Polisi ni wachache, tena wengine wanakaa miezi bila mshahara. Kampuni inauliza: tukingoja serikali ituletee polisi wa kuongoza magari, tutangoja mpaka lini?

Kampuni nyingi zimejitafutia jibu lao wenyewe, na jibu hilo ndilo linalonisumbua kuliko mlinzi aliye peke yake. Kwa kuwa walinzi binafsi hawaruhusiwi kushika bunduki, kampuni huomba polisi wenye silaha wakae nao, na huwapa posho na chakula. Matokeo yake ni kikosi cha mchanganyiko: mmoja mwenye shati la kampuni, mwingine mwenye sare ya serikali. Anayetoa maneno ni wa kampuni, na anayeyapa maneno hayo nguvu ni polisi. Mwenye pikipiki ataipingaje amri namna hiyo? Ibara ya 28 ya Katiba inasema hakuna anayelazimika kutekeleza amri iliyo wazi kuwa ni kinyume cha sheria. Lakini hapo uwazi umefunikwa na sare. Polisi akihitajika barabarani, yeye ndiye anyooshe mkono, na mlinzi arudi getini. Na polisi huyo apokee maagizo ya kamanda wake, si ya mkuu wa usalama wa mgodi.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwetu kwa sababu ya historia ya barabara zetu. Njia ya Ujiji, Kabambare, Kasongo mpaka Nyangwe ilikuwa ya misafara ya pembe na watumwa. Enzi za Tippu Tip, tajiri wa misafara hiyo aliyeweka makao yake Kasongo, aliyeamua nani apite na nani azuiwe alikuwa ni mwenye bunduki nyingi. Miaka yetu imekuja na kamba za kuzuia njia. Mwaka 2017 watafiti wa IPIS ya Ubelgiji walihesabu karibu vizuizi 800 katika Kivu mbili, Kaskazini na Kusini, na watu wa Kabambare wanaopanda kwenda Fizi, Kivu Kusini, wanajua bariyeri ni nini bila kusomewa ripoti. Leo ni jeshi, kesho ni wanamgambo wa Mai-Mai, keshokutwa ni kijana wa kijiji mwenye mti mmoja na jiwe la kuuinulia. Ibara ya 30 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kutembea huru katika nchi. Ya 174 inasema kodi haiwekwi ila kwa sheria, na ya 190 inakataza kuunda wanamgambo binafsi. Lakini mtu aliyelipa mara nyingi huacha kuuliza. Anashuka, anatoa noti, anapewa jetoni, anapanda tena. Kwa mtu aliyezoea hivyo, mkono wa mlinzi wa kampuni ni bariyeri moja zaidi, hata kama mlinzi mwenyewe hajaomba hata faranga moja.

Wapo hata hivyo watu wasio polisi wanaosimamisha magari katika nchi yetu kwa ruhusa, na hawa wanatufundisha mengi. Ni watu wa kizuizi cha mvua. Mvua ikinyesha kwenye barabara ya udongo, mti hushushwa na malori mazito husubiri saa kadhaa mpaka ardhi ikauke, kwa sababu lori moja la tani nyingi likipita kwenye tope hukata mifereji ambayo wanakijiji hawataifukia mwaka mzima. Kazi hiyo hufanywa kwa niaba ya Office des Routes, ofisi ya serikali ya barabara, mara nyingi na kamati za kijiji za kutunza barabara, wanazoziita CLER. Anayeshusha mti ni mkulima, hana bunduki wala cheo. Watu humkubali kwa sababu sababu yake inaonekana kwa macho: mvua imenyesha, tope lipo. Kanuni inajulikana kabla: lori linangoja, baiskeli na pikipiki zinapita. Tena haombi pesa. Siku anapoanza kuomba pesa, au mti unapobaki chini jua likiwa kali, watu wote wanajua kwamba kizuizi cha mvua kimekwisha na kizuizi kingine kimeanza. Kipimo hicho wanakijiji wanacho tayari, na ndicho ningependa kimpime mlinzi wa mgodi pia.

Nchi nyingine zimeandika wazi lini mtu asiye polisi anaweza kuongoza magari. Uingereza, kwa sheria ya polisi ya mwaka 2002, mkuu wa polisi anaweza kumpa mfanyakazi wa kampuni binafsi mamlaka finyu ya kuongoza magari, kwa mfano kusindikiza mzigo mkubwa kupita kawaida. Johannesburg, kampuni ya bima OUTsurance ililipia waongozaji wa magari kwenye njia panda, lakini chini ya makubaliano na polisi wa jiji. Hata roboti zilizowekwa Kinshasa kuanzia 2013 kuongoza magari zilitiiwa kwa sababu mamlaka ndiyo iliyoziweka pale. Kwa hiyo kumtumia mtu binafsi si mwiko. Kinachotakiwa ni mamlaka itoke kwa mwenye nayo, iwe imeandikwa, na iwe na mipaka.

Kwa Kasongo na Kabambare ningeanza hapo. Polisi wa jimbo, kwa makubaliano na gavana wa Maniema aliye Kindu, waandike ruhusa kwa kila geti linalohitaji mwongozaji: mita ngapi upande huu na upande ule, saa zipi, lori la aina gani. Walinzi watakaofanya kazi hiyo wafundishwe na polisi wa barabarani, wavae koti la kung'aa lenye namba kubwa kifuani, na orodha yao ibandikwe ofisi ya teritware na ya sekta. Wasishike karatasi ya mtu, wasifungue mzigo, wasipokee pesa. Koti na mafunzo si gharama ya kuishinda kampuni, na sekta nayo ina fungu lake: kanuni ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inaipa serikali ya mtaa, kama sekta, 15% ya mrabaha wa mgodi, na inamtaka mwenye mgodi atenge angalau 0.3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii. Watu wa Salamabila wana haki ya kuuliza kwenye mikutano ya cahier des charges, yaani ahadi za mgodi kwa jamii, kwa nini njia panda ya getini haina hata kibao.

Na ruhusa hiyo isomwe redioni, kwa Kiswahili, siku za soko. Itaje namba ya simu ya kamanda anayepokea malalamiko. Iseme pia, kwa maneno yanayoeleweka na kila mwenye baiskeli, kwamba asiyempa mlinzi karatasi zake hana kosa, na kwamba mlinzi anayemzuia kwa sababu hiyo ndiye atakayeitwa kituoni.