Nileteeni mbwa, msiniletee chupa

Oli chafu si dawa. Naanza na hili kwa sababu karibu kila wiki naona mbwa mweusi tii, anang'aa mafuta ya injini ya bodaboda kuanzia shingoni hadi mkiani, na mwenye mbwa anaamini kabisa kwamba ameshamtibu. Gereji zipo kila kona ya Morogoro, oli inatolewa bure, na hakosekani jirani wa kukuhakikishia kwamba ilimponya mbwa wa shemeji yake. Najua imani hiyo inatoka wapi. Mafuta mazito huwaziba pumzi baadhi ya wadudu, hulainisha magamba, na kwa siku chache mnyama hutulia. Lakini oli iliyokwisha kutumika imebeba masizi, chembe za madini na kemikali zilizoungua, na ngozi iliyochunika haizuii kitu. Halafu mbwa hujilamba. Alichojilamba kinakwenda tumboni, kisha kwenye ini na figo. Mafuta ya taa ni mabaya zaidi, maana hayo yanambabua siku hiyohiyo.

Nilikuwa ofisa mifugo wa kata hadi nilipostaafu, na sasa nauza katika duka la dawa za mifugo. Mteja wangu wa kawaida wa mambo ya mbwa ni mtoto wa shule aliyetumwa.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umetumwa nini?"

"Baba amesema nipewe dawa ya mbwa. Anajikuna."

"Anajikuna wapi?"

"Kote tu."

Baba huyohuyo, ng'ombe wake akikohoa mara mbili tu, ananipigia simu usiku. Mbwa anayelinda zizi la ng'ombe huyo hupata chupa moja isiyo na maelezo, iliyopimwa kwa macho. Hilo ndilo linaloniuma. Kuwashwa ni dalili ya magonjwa mengi tofauti, na dawa inayofaa hili inaweza kuwa sumu kwa lile. Hakuna mtu, hata mwenye shahada ukutani, anayeweza kukupa dawa sahihi ya mbwa ambaye hajamtazama.

Kumtazama kwenyewe si kazi ngumu. Swali la kwanza ni pale anapojikuna. Akijitafuna kiunoni, juu ya mkia na nyuma ya mapaja, washukiwe viroboto. Chukua kitana chenye meno ya karibu, chana manyoya ya sehemu hiyo, kisha dondosha uchafu wake juu ya pamba nyeupe iliyolowa. Chembe nyeusi zikiacha doa la wekundu wa kahawia, hiyo ni damu ya mbwa wako iliyokwisha kupita tumboni mwa kiroboto. Wapo mbwa ambao mate ya kiroboto huwadhuru kupita kiasi, hivi kwamba kuumwa na wachache tu kunatosha kuwafanya wajichune hadi nyama ionekane. Kwa hiyo mtu asiniambie, "Mbona nimemtafuta sijaona hata mmoja?" Mbwa wa namna hiyo huwatafuna viroboto na kuwameza kabla hujawaona.

Kingo za masikio zikiwa na magamba, viwiko vimekuwa vipara na tumbo limejaa vipele, mawazo yangu huenda kwenye upele wenyewe. Mdudu wake haonekani kwa macho. Jike huchimba njia ndani ya ngozi na kutaga humo, na ndani ya wiki mbili au tatu mayai hayo yamekuwa wadudu kamili. Shika ukingo wa sikio, ukunje, usugue polepole kwa vidole. Mguu wa nyuma ukianza kukuna hewa wenyewe, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Atakwangua ngozi kwa wembe, aweke alichokipata kwenye kioo na kukitazama kwa hadubini. Wadudu hao wana tabia ya kujificha hata hadubini isiwaone, ndiyo maana daktari mzuri anaweza kuutibu upele kwa dalili alizoziona ingawa kioo hakikuonyesha kitu.

Upele huu huwapata na watu. Mama anayekuja kunieleza kwamba watoto wake wamejaa vipele mikononi na tumboni, nami nikajua kuwa mbwa wa nyumbani ananyonyoka manyoya, simpi dawa ya watoto. Namwomba amlete mbwa, na watoto awapeleke zahanati waonwe huko. Mdudu wa mbwa hawezi kuendeleza uzao wake kwenye ngozi ya binadamu, hivyo mbwa akipona, muwasho wa watoto nao kwa kawaida huisha. Asipotibiwa, zahanati itaandika dawa kila mwezi na mfuko wa mama huyo utazidi kuwa mwembamba.

Vipara vya mviringo usoni au miguuni kwa mtoto wa mbwa wa miezi michache, visivyomwasha sana, ni jambo jingine kabisa. Huyo ana mdudu mwingine, aliyemrithi kwa mama yake siku za kwanza za kunyonya. Hamwambukizi mtu. Vipara vikiwa vichache, wengi hupona wenyewe kadiri wanavyokua wakilishwa vizuri na kupewa dawa ya minyoo. Ndiyo maana nachukia kumwona mtoto wa mbwa wa aina hii amepakwa oli, au amechomwa ile sindano ya "kuzuia kuwashwa". Sindano hiyo aghalabu ni deksamethasoni. Muwasho unatulia, lakini kinga ya mwili nayo inashuka, na wadudu waliokuwa kwenye kipara kimoja husambaa mwili mzima. Mwenye mbwa huondoka akishukuru, na baada ya wiki chache mnyama ananuka usaha.

Sasa niseme kuhusu ivermektini, dawa ya wadudu wa upele, maana hapa ndipo wanapofia wengi. Dawa hii imewasaidia watu na mifugo mno, na waliofanya ugunduzi wake, Satoshi Ōmura na William Campbell, walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na kipimo. Chupa ya sindano ya asilimia 1 ina miligramu 10 katika kila mililita, na kwa ng'ombe mililita 1 ni ya kilo 50 za uzito. Mtoto wa mbwa ana kilo 3. Anayemchoma mililita nzima "ili apone haraka" amempa zaidi ya mara 16 ya kile ambacho ng'ombe hupata kwa kila kilo yake. Mbwa huyo ataanza kuyumba, mboni zitapanuka, ataacha kuona, atatokwa mate, kisha atalala asiamke, na dawa ya kuiondoa sumu hiyo mwilini haipo. Kuna pia mbwa wa kuchungia kondoo, wa jamii ya koli, ambao wengi wao wamezaliwa na hitilafu ya kurithi inayoiruhusu dawa hii kuingia kwenye ubongo. Hao hata kipimo cha kawaida cha kutibu upele kinaweza kuwaua. Siku hizi mbwa wa kizungu wamechanganyika na wa kienyeji mitaani, na damu ya koli huwezi kuisoma usoni.

Dawa ya kuogeshea ng'ombe yenye amitrazi nayo inaweza kutibu upele wa mbwa, ikichanganywa na maji mengi kwa kipimo cha daktari. Ikimwagwa kama ilivyo, mbwa hulegea, hupoa mwili na moyo hupiga polepole. Na wenye paka nawaomba sana: dawa ya viroboto yenye permethrini aliyowekewa mbwa isimguse paka. Inamuua.

Kuna muwasho usio na mdudu. Mbwa anayelamba nyayo kutwa, mwenye masikio mekundu na makwapa yenye joto, huenda mwili wake unakataa vumbi, chavua au chakula. Muwasho wa chakula hugunduliwa kwa subira: wiki 8 za nyama ya aina moja ambayo hajawahi kuila, pamoja na wanga wa aina moja, bila hata kipande cha kitu kingine. Najua ugumu wake kwa nyumba zetu, ambako mbwa hula mabaki na watoto wa jirani humrushia kichwa cha dagaa. Lakini nimewaona watu wakiweza. Na yule anayelishwa ugali mtupu mwaka mzima, nafaka ile humnyima madini ya zinki, akatoka magamba kuzunguka macho na mdomo. Huyo mpeni mboga yenye nyama, msimpake kitu.

Hata dawa sahihi hushindwa mbwa akirudi kulala kwenye kiroba kilekile. Kiroboto jike anaweza kutaga mayai 40 kwa siku, na mayai hayashiki kwenye manyoya, yanadondoka pale mbwa anapolala. Kiroboto mchanga aliyejifunga kwenye kifuko chake hukaa miezi, akisubiri mtikisiko wa nyayo. Kwa hiyo gunia lichomwe, banda lifagiliwe hadi pembeni, matandiko yaanikwe jua kali, na mbwa wote wa nyumba watibiwe siku moja. Wenye funza katika miguu ya watoto wakague pia vidole vya mbwa, kwa kuwa funza huyo huyo anakaa humo na kuendelea kumwaga mayai uani. Sabuni ya unga ya kufulia iwekwe mbali, inakausha ngozi na kuzidisha muwasho.

Wanaoniambia kwamba haya ni mambo ya wenye fedha, kwamba mbwa ni mbwa, siwakubalii. Mbwa wetu wengi ni walinzi. Wanakesha kwenye mvua ili sisi tulale, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 haimtengi mbwa na ng'ombe. Aliyenyonyoka manyoya hupigwa mawe mtaani watu wakidhani ana kichaa, ilhali upele si dalili ya kichaa, na pengine anachohitaji ni dawa ya bei ya kilo chache za sukari.

Ninachokiomba kwa halmashauri kinawezekana. Kila mwaka, hasa karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, watoto huwaleta mbwa kwa kamba za katani wachanjwe. Foleni huwa ndefu, ofisa anachoma sindano, anaandika kadi, anaita mwingine. Siku hiyo iongezwe meza ya pili kando ya ile ya chanjo, yenye mizani, kitana, pamba na mtu wa kukunja sikio la kila mbwa na kutazama kiuno chake. Madaktari wa mifugo wanafundishwa hapahapa mjini kwetu, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, na wanafunzi wao wangejifunza mengi kwenye foleni hiyo. Uzito uandikwe kwenye kadi ya chanjo pamoja na kilichoonekana kwenye ngozi. Nasi wauza dawa tuagizwe kutompa mtu sindano wala dawa ya kuogesha kwa ajili ya mbwa mpaka atuonyeshe kadi hiyo, au amlete mbwa mwenyewe. Dukani kwetu mizani ya kupimia pumba inabeba hadi kilo 100, na kumpima mbwa juu yake ni bure.