Ganzi ya Miguu Si Uchovu wa Kazi

Jirani yangu mmoja, dereva wa lori, alirudi nyumbani jioni moja amevaa kandambili mguu mmoja tu. Mkewe alipomwuliza ya pili iko wapi, alitazama chini akastaajabu. Hakujua ilichopoka lini. Watoto walicheka, naye akacheka pamoja nao. Majuma machache baadaye alikanyaga msumari kwa mguu ule ule, asisikie maumivu. Alipofika hospitali kidonda kilikuwa kimekwisha kuoza, akakatwa vidole viwili. Hapo ndipo alipoambiwa kuwa ana kisukari.

Kilichomponza ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu, ile iliyosambaa mwilini nje ya ubongo na uti wa mgongo. Mishipa hiyo ni mithili ya nyaya za simu. Ipo inayopeleka ubongoni habari za joto, baridi na maumivu. Ipo inayopeleka amri kwenye misuli. Na ipo inayoongoza mambo tusiyoyaamuru, kama vile jasho na mapigo ya moyo. Aghalabu mishipa mirefu ndiyo hudhurika kwanza. Ndiyo sababu ugonjwa huanzia vidole vya miguu, ukapanda polepole, kisha ukaingia mikononi.

Dalili zake ni ganzi, kuchomwachomwa kama kwa sindano, na moto wa nyayo unaozidi usiku hata shuka ikigusa mguu huwa adha. Wengine huhisi kama wanakanyaga pamba, huyumba gizani, au huangusha vyombo mara kwa mara. Lakini udhaifu ukianzia miguuni na kupanda haraka kwa muda wa siku chache, hiyo ni hatari nyingine: mgonjwa apelekwe hospitali saa ile ile, kwani huweza kushindwa kupumua.

Sababu ni nyingi. Kisukari ndicho kinachoongoza. Takriban nusu ya wenye ugonjwa huo hatimaye hudhurika mishipa. Pombe nyingi nayo huitia mishipa sumu, na mlevi asiyekula vizuri hukosa pia vitamini za B. Ukoma hushambulia mishipa yenyewe, na dalili yake ni baka la ngozi lisilo na hisi. Ugonjwa huo hupona kabisa kwa dawa mseto zilizopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1981, ambazo hutolewa bure kwa miezi 6 au 12. Baadhi ya dawa nazo zina madhara. Isoniazidi ya kifua kikuu hupunguza vitamini B6, na kwa hiyo mgonjwa hupewa vitamini hiyo pamoja nayo. Metformini ya kisukari, ikitumiwa miaka mingi, huweza kupunguza B12. Hata hivyo, asiache mtu dawa kwa shauri lake mwenyewe; amweleze daktari.

Hospitalini utapimwa sukari ya damu, na nyayo zako zitaguswa kwa uzi wa nailoni ili kujua kama zina hisi. Tiba ya kwanza ni kuondoa chanzo. Mshipa uliojeruhiwa, ukiweza kuota tena, huota kiasi cha milimita 1 kwa siku. Kwa hiyo yataka subira ya miezi, na hisi nyingine hazirudi. Vidonge vya kawaida vya maumivu havisaidii sana. Daktari huweza kuandika amitriptilini au gabapentini.

Wapo wanaokimbilia duka la dawa kununua vitamini za mishipa na kuzimeza mwaka mzima bila kupimwa. Wajue kwamba vitamini B6 ikizidi kwa muda mrefu huiharibu mishipa ile ile waliyotaka kuiponya. Wengine hukanda miguu kwa maji ya moto. Mguu usio na hisi haujui kuwa unaungua.

Mwenye ganzi na akague nyayo zake kila jioni, atumie kioo au amwombe mwenzake amtazamie. Asitembee peku hata ndani ya nyumba. Akung'ute viatu kabla ya kuvivaa, ajaribu maji ya kuoga kwa kiwiko, na kidonda chochote, hata kisichouma, akipeleke zahanati.

Jirani yangu angali hai na angali kazini. Kila jioni binti yake mdogo huketi mkekani na taa, akamtazama nyayo na vidole vinane vilivyobaki, kimoja kimoja. Leo Jumapili mko pamoja nyumbani; mwulize baba, mwulize na bibi, kama miguu yao yasikia. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.