Pembejeo Mvumi: Unafuu wa Bei Uhesabiwe Hadi Shambani

Kila msimu wa kilimo unapokaribia, mkulima wa Kata ya Mvumi, wilayani Kilosa, hukabiliwa na uamuzi uleule: anunue mbegu na viuatilifu katika duka la pembejeo lililo jirani, au asafiri hadi Morogoro mjini kufuata bei nafuu.

Unafuu huo hauna budi kuhesabiwa hadi shambani. Kwa mfano, punguzo la shilingi 2,000 kwa mfuko wa mbegu humezwa na nauli endapo mfuko ni mmoja. Wanaoagiza mifuko 20 kwa pamoja ndio hunufaika. Kwa upande wa mbolea, Serikali inatoa ruzuku kwa wakulima waliosajiliwa tangu msimu wa 2022/2023, na bei elekezi humpa mkulima kipimo cha kulinganisha.

Hatari kubwa ipo kwenye mbegu. Mbegu isiyoota hugundulika mvua zikiwa zimekwisha kuanza. Muuzaji wa jirani hufikiwa siku hiyohiyo. Wa mbali hufuatwa kwa nauli nyingine. Hata hivyo, ujirani si uthibitisho wa ubora. Popote anaponunua, mkulima anapaswa kudai stakabadhi na kuhakiki lebo ya Taasisi ya Kudhibiti Ubora wa Mbegu (TOSCI).

Muuzaji wa kijijini naye anao wajibu wa kubandika bei wazi na kuuza bidhaa zilizosajiliwa. Duka lake likifungwa kwa kukosa wateja, hata chupa moja ya kiuatilifu itafuatwa mjini.